Dalili za mvua za wazee: bado zinafanya kazi au ndiyo basi tena?

Mlima_Vyanzo #1

Wakuu salaam. Naleta hoja, mnirarue tu.

Kwetu Kilolo, Iringa, mzee wa zamani hakuhitaji redio kuujua msimu. Kuanzia Julai anaitazama mihemi, ile miti ya maua mekundu. Ikichanua kwelikweli kuelekea Novemba, mwaka ni wa mvua. Mifyulisi (mipichi) ikiwahi kuchanua, na mvua itawahi. Ndege dudumizi akilia mfululizo, noa jembe. Watafiti walishafika Kilolo na Rungwe wakawahoji wazee, na kazi yao ilichapishwa 2010, kwa hiyo msiniambie nimeokota kijiweni.

Sasa miaka hii mambo hayaendi. Mihemi inachanua vizuri, watu wanapanda, mvua inanyesha wiki moja inakata, mahindi yanakauka yakiwa usawa wa magoti. Vijana wanawacheka wazee waziwazi. Msimamo wangu ni kwamba wazee hawajakosea, hali ya hewa ndiyo imewageuka. Nani anabisha?

Fundi_Kinyerezi #2

Nabisha mimi. Walikuwa wanakosea tangu zamani, ila hakuna aliyekuwa anaandika. Mzee akipatia anasifiwa mpaka siku ya msiba wake. Akikosea, basi kuna mtu kavunja mwiko, leteni mbuzi mweusi. Kwa utaratibu huo huwezi kukosea hata siku moja.

Mwana_Mkeka #3

#2 huo ndio utaratibu wa wauza mikeka ya kubeti. Ukichanika, lawama kwa refa.

Kusi_na_Kaskazi #4

Nimesoma mambo ya anga kidogo, naomba niweke maelezo ambayo si ya #1 wala si ya #2.

Mti hauoni bahari. Unachanua kufuata joto na unyevu wa pale uliposimama. Mvua ya Afrika Mashariki kwa sehemu kubwa inaamuliwa mbali: joto la maji ya Bahari ya Hindi na la Pasifiki. Zamani vitu hivi viwili vilikwenda pamoja mara nyingi kiasi kwamba mzee akiutazama mti alikuwa anaitazama bahari bila kujua. Leo joto limepanda karibu kila mwaka. Mti unachanua kwa joto tu, bahari nayo ina mambo yake.

Mifano miwili. Vuli ya 2019 upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulipata joto kuliko upande wa mashariki, tukapata mafuriko, nyuma yake wakaja nzige wa jangwani. Halafu kuanzia Oktoba 2020 hadi mwisho wa 2022, La Niña (maji ya Pasifiki kupoa kuliko kawaida) miaka mitatu mfululizo, mvua zikakosekana misimu mitano bila kupumzika katika Pembe ya Afrika. Kitu hicho hakikuwahi kutokea kwa angalau miaka 40 ya kumbukumbu. Mzee atakuwa na dalili gani ya jambo ambalo hata baba yake hakuliona?

Mama_Ilula #5

Kijana wa anga, umeongea vizuri ila umeruka mkoa. Kilolo tuna msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Vuli na masika ni za kaskazini na pwani. Hiyo La Niña iliyoua ng'ombe wa Wakenya, kwetu kusini haina ubavu ule, kuna miaka inatuletea mvua nzuri tu. Kwa hiyo mahindi ya #1 usiyakaushe na ukame wa Somalia.

Kusi_na_Kaskazi #6

Kweli mama, nyanda za kusini tuko katikati, El Niño (Pasifiki ikipata joto) na La Niña hazitushiki sana. Lakini hoja ya mti na joto inabaki palepale.

Chalbi254 #7

Mimi ni wa Marsabit, kaskazini mwa Kenya, niwaongezee ya huku kwetu.

Mbuzi akichinjwa kwenye shughuli, wazee wa Gabra na Borana, wafugaji wa huku, husoma matumbo kabla nyama haijaenda motoni. Wanaangalia mishipa, madoa na rangi. Humo wanaona mvua, malisho, magonjwa ya mifugo, hata vita. Kando yao wako wajuzi wa nyota na hesabu ya siku, ayyaantu. Wengine mtacheka, chekeni.

Sasa sikilizeni. Ukame huo ulioanza 2020, mzee mmoja wa upande wetu alisema mapema kabisa: hameni. Hakukosea. Lakini tuhame twende wapi? Isiolo kumekauka, Wajir kumekauka, ng'ambo Ethiopia kumekauka. Ujuzi wa wazee wetu ulijengwa juu ya jambo moja, kwamba hata mwaka ukiwa mbaya namna gani, kuna mahali pamenyesha, kazi ni kupajua na kuwahi. Safari ile hapakuwepo. Kenya peke yake mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Wenye ngamia walibakiwa na kitu, wenye ng'ombe walibaki na ngozi.

Kwa hiyo #1 na #2 mnabishana kama mzee alipatia au alikosea. Huku kwetu alipatia na tukafilisika vilevile.

Fundi_Kinyerezi #8

#7 pole sana mkuu. Ila na mimi nikisema "hameni" kila mwaka, mwaka mmoja nitapatia.

Chalbi254 #9

Hakuwa anasema kila mwaka. 2019 alisema mvua itatuua, na Marsabit magari yalikwama wiki nzima.

Mwana_Mkeka #10

Mzee huyo aje Dar, nina kazi naye Jumamosi.

Mnyore_wa_Emuhaya #11

Naona hakuna aliyetaja Nganyi, na ndio mfano mkubwa kuliko yote.

Ukoo wa Nganyi wako Bunyore, kaunti ya Vihiga, magharibi mwa Kenya. Watu huwaita waleta mvua, lakini kazi yao kubwa ni kutabiri. Wanaangalia miti fulani inavyopukutisha majani na kuchanua, nyuki, siafu, ndege, upepo, na wana vyungu vyao vya kusomea. Wanafanyia kazi ndani ya vijisitu vya mizimu ambavyo haviguswi na shoka, na baadhi ya miti iliyomo humo huipati tena nje.

Enzi za Mwingereza walitiwa kapu moja na wachawi, Sheria ya Uchawi ya 1925 haikutofautisha, wakajificha. Sasa kuanzia karibu 2008 Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya pamoja na ICPAC, kile kituo cha tabianchi cha IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, wakaenda kukaa nao. Wataalamu wanaleta utabiri wao, wazee wanaleta wao, wanabishana hadi wanapatana, kisha tangazo linatolewa kwa Kiluhya, redioni, kanisani na barazani. Watu waliokuwa hawasikilizi utabiri wa Nairobi wakaanza kuusikiliza, kwa sababu mzee wanayemjua ameuwekea mkono.

Pilipili_Kichaa #12

#11 chai hiyo. Kama wanapatana, nani anayemfuata mwenzake? Mtaalamu akija na kompyuta mzee atasema nini zaidi ya "hata mimi niliona hivyohivyo"?

Mnyore_wa_Emuhaya #13

Swali zuri, limeulizwa hata kijijini. Wazee wanatoa wao kwanza kabla hawajasikia wa wenzao. Na kitu wanachowazidi wataalamu ni udogo wa eneo. Idara inasema magharibi mwa Kenya mvua itakuwa ya wastani kwenda juu. Mzee anasema kilima kile kitapata, bonde lile litachelewa. Mkulima wa nusu ekari anataka la pili. Na wajuzi ni wa ukoo ule tu, siyo kila mwenye mvi. Hapo ndipo nyinyi wa Iringa naona mnachanganya, mzee yeyote akisema kitu mnaita elimu ya jadi.

Mama_Ilula #14

Hapo umepiga kwenye mshono. Hawa wanaoitwa wazee sasa hivi pale kijijini kwetu wengine walikuwa madereva na makarani Dar, wamestaafu juzi wakarudi na kofia ya mzee. Dudumizi mwenyewe wanamsikia kwenye simu. Waliokuwa wanajua tuliwazika, na hakuna mtoto aliyekaa nao kwa sababu tulikuwa bweni. Dalili hazikufa, aliyezijua ndiye kafa.

Bi_Kidichi #15

Haya nyie wa bara mnahesabu maua, sie tunahesabu siku.

Mwaka wa wakulima na wavuvi wa Kizanzibari unaanza Nairuzi, ndio ile mnayokuja kuipiga picha Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa. Siku 365. Zimegawiwa miongo 36 ya siku kumi kumi, na tano za mwisho zinakaa peke yao. Babu yangu alikuwa fundi wa hesabu hiyo. Mwongo fulani tia mbegu, mwongo fulani upepo wa kusi unaanza kukaza, usivuke mkondo na chombo kidogo. Watu walikuwa wanakuja kumuuliza kabla ya kuoza mtoto na kabla ya kusafiri, seuze kulima.

Kwa sasa wavuvi wenyewe wanasema kusi halina adabu. Linachelewa, likija linakuja na ghadhabu. Mie sina elimu ya bahari, lakini watu wote wa forodhani hawawezi kuwa wamekula njama.

Mtu_wa_Hesabu #16

Bi Kidichi shikamoo. Naomba nichokoze.

Mwaka huo ni wa siku 365 kamili, hauna ile siku ya nyongeza ya kila mwaka wa nne. Kwa hiyo Nairuzi inarudi nyuma siku moja kila miaka minne, siku 25 hivi kwa karne. Karne ya 19 wageni waliokuwa Unguja waliandika sikukuu hiyo ikiangukia Agosti. Leo mnaukoga mwaka Julai. Maana yake, aliyerithi "mwongo wa fulani tia mbegu" kutoka kwa babu wa babu yake anatia mbegu karibu mwezi mzima kabla ya wakati uliokusudiwa. Hapo tabianchi haina kosa, wala mzee hana, ni kalenda.

Pilipili_Kichaa #17

Duh. Uzi umeanza kunoga.

Bi_Kidichi #18

Marahaba mwanangu. Hesabu yako sina ugomvi nayo. Lakini unadhani wazee walikuwa wanatia mbegu wamefumba macho? Mwongo unakwambia jiweke tayari. Kisha mtu anatoka nje anatizama upepo, mawingu, maji ya bahari, na Kilimia, lile kundi la nyota. Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hilo nalo linarudi nyuma kila miaka minne?

Kusi_na_Kaskazi #19

Hapana, Kilimia hakihami hivyo. Kinapotea jioni mwanzoni mwa Mei, kinaonekana tena alfajiri mwezi Juni, miaka nenda rudi. Kama kuna dalili ambayo binadamu hajaweza kuiharibu, ni hiyo. Tatizo ni kwamba Kilimia kinakupa tarehe, hakikupi kiasi cha mvua.

Ng'wana_Shinyanga #20

Nimesoma posti zote. Wakuu mnabishana kuhusu kutabiri utadhani hiyo ndiyo kazi pekee ya mzee.

Msukuma hakusubiri kuambiwa mwaka utakuwaje. Alitenga ngitili. Mvua zikianza, eneo linafungwa, nyasi na miti inakua, ng'ombe haingii mpaka kiangazi kikali, Agosti huko. Mwaka mzuri ngitili ipo, mwaka mbaya ngitili ipo. Hapo habari ya kupatia au kukosea haipo.

Zikafa. Mkoloni alifyeka misitu kuua mbung'o, pamba ikala ardhi, halafu Operesheni Vijiji miaka ya 1970 ikatuhamisha, mtu akaiacha ngitili yake kilomita kumi nyuma. Shinyanga ikabaki vumbi. 1986 serikali ikaanzisha HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga. Mwanzoni walikuja na vitalu na miche ya kigeni, kama kawaida ya wataalamu. Haikwenda. Walipokaa na wazee na kuuliza "nyinyi mlikuwa mnafanyaje", ndipo ngitili zikaanza kurudi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimerudi hekta zaidi ya 300,000 katika vijiji zaidi ya 800, na 2002 mradi ukapata Tuzo ya Ikweta ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Miti mingi haikupandwa, ilichipua yenyewe kwenye visiki baada ya kuachwa ipumue.

Aliyelinda si bwana misitu. Ni dagashida, mkutano wa jadi, na sungusungu. Ukilisha kwenye ngitili ya mtu unalipa, na aibu unaondoka nayo nyumbani.

Ole_wa_Kaskazini #21

Naunga mkono #20. Sisi Wamasai tuna alalili, malisho ya akiba ya kiangazi, na mengine karibu na boma kwa ajili ya ndama na ng'ombe wagonjwa. Mwaka mzima mtu anaweza kupigwa faini kwa kuingiza mbuzi mmoja.

Tofauti ni hii. Ngitili inaweza kuwa ya ekari chache. Mfugaji wa maeneo makavu anahitaji upana, kwa sababu mvua inanyesha bonde lile na kuliacha hili. Mzee anatuma vijana wawili watatu wakaangalie majani na maji kabla ya kundi kuondoka, wanarudi na habari, ndipo wanaamua. Sasa weka katikati mpaka wa hifadhi, shamba la mwekezaji, kijiji kipya cha wakulima. Habari zitaletwa, lakini njia haipo. Tangu Juni 2022 watu wa Ngorongoro wanahamishiwa Msomera, Handeni. Mzee aliyejua kila chemchemi ya nyanda za juu kule atasoma nini Handeni? Hiyo nayo ni sababu ya "dalili kufa", mbona hamuitaji?

Balozi_wa_Jamvi #22

Wakuu, mada ya Ngorongoro ina uzi wake jukwaa la siasa. Hapa tubaki na mvua.

Ole_wa_Kaskazini #23

Sawa mkuu. Mvua inanyeshea ardhi lakini.

Binti_Mgogo #24

Nimehesabu humu: mzee, babu, wazee, babu. Bibi yuko wapi? Hata Bi Kidichi wa #15, mwanamke mwenzangu, anamtaja babu yake!

Dodoma mvua ni ya kubahatisha tangu Mungu aumbe. Bibi yangu hakuwa anatabiri. Alikuwa na mtama wa aina tatu na uwele, mingine ya kuwahi na mingine ya kuchelewa, na hapandi yote mahali pamoja. Mwingine bondeni, mwingine kwenye mwinuko, mwingine anaupanda kwenye udongo mkavu kabla hata wingu halijaonekana. Mbegu anaziweka uchagani juu ya meko, moshi unafukuza wadudu. Kila masuke akivuna anachagua ya mbegu kwanza, ya kula baadaye, hata kama nyumba ina njaa.

Kisha tukaambiwa mahindi ndiyo chakula cha mtu aliyeendelea. Ndege wanasumbua kwenye mtama, watoto wako shule hakuna wa kuwafukuza, basi watu wakahamia mahindi. Mahindi yakikosa maji wiki mbili wakati wa kutoa mbelewele, yamekwisha. Halafu tunasema tabianchi. Sikatai kwamba ipo, ila na mahindi yapo.

Mama_Ilula #25

Asante binti, umenisemea. Na hizo mbegu za bibi ukitaka kuziuza dukani unaambiwa hazijathibitishwa.

Mdau_wa_Warsha #26

Mimi nifungue jambo la hela maana naona mnazunguka.

Glasgow 2021, kwenye ule mkutano wa tabianchi wa COP26, wafadhili waliahidi dola bilioni 1.7 kwa ajili ya haki za ardhi na misitu za watu wa asili na jamii za wenyeji. Ripoti yao wenyewe ya kwanza ikaonyesha asilimia 7 tu ndiyo iliyofika moja kwa moja kwenye asasi za watu hao. Nyingine tunajua zinapoishia, nimekaa kwenye warsha za kutosha. Mzee analetwa kwa gari la Noah kutoka kijijini, anapewa maji ya chupa na posho, anaulizwa dudumizi analiaje, anapigwa picha akiwa na fimbo yake, kwaheri. Baada ya mwaka anakuja mwingine na swali lilelile na fulana ya rangi nyingine. Sasa mnataka mzee aseme nini? Anasema wanachotaka kusikia. Ukiuliza kwa nini dalili zilizoandikwa kwenye ripoti hazifanyi kazi, anza hapo.

Afadhali hata Kenya, wao walishasaini lile azimio la Umoja wa Mataifa la haki za watu wa asili.

Wakili_Mtoro #27

#26 hapo mwisho umechemka. Azimio lile halisainiwi, lilipigiwa kura tarehe 13 Septemba 2007. Ndiyo 144, hapana 4, ambao ni Marekani, Kanada, Australia na New Zealand, na 11 hawakuegemea upande wowote. Kenya ilikuwa miongoni mwa hao 11. Tanzania ilipiga ndiyo, kisha ikarudi nyumbani kusema kila Mtanzania ni mtu wa asili, kwa hiyo hakuna wa kupewa haki za peke yake.

Kwa Kenya watazame Waogiek wa msitu wa Mau. Walishtaki, Mahakama ya Afrika pale Arusha ikawapa ushindi tarehe 26 Mei 2017, na Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia na warudishiwe ardhi. Mwishoni mwa 2023 wakaanza kuondolewa tena, kwa jina la kulinda msitu. Watu ambao hupanda na kushuka mlimani kwenye mizinga yao kufuata maua, wakisubiri asali, ndio wanaoambiwa wanaharibu miti.

Pilipili_Kichaa #28

Tuseme ukweli lakini, wapo na waliouza. Msitu wa Mau haukuisha kwa mizinga, na siyo kila aliyekata alikuwa mgeni.

Wakili_Mtoro #29

Wapo, sikatai. Waliogawa vipande vya msitu huo walikuwa maofisini, hawakuwa na mizinga.

Fundi_Kinyerezi #30

Naona tumehama kabisa kwenye swali langu. Hakuna aliyeleta daftari hata moja la mzee lenye alichosema kila mwaka na kilichotokea. Nipeni hilo niwaamini.

Mnyore_wa_Emuhaya #31

Na wewe tuletee daftari la wanasiasa. Oktoba 2023 Rais wetu aliwaambia Wakenya kwamba El Niño iliyokuwa imetangazwa haitakuja. Novemba watu wanabebwa na maji.

Kusi_na_Kaskazi #32

Tofautisha mtabiri na msemaji. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ilishasema kabla ya msimu kwamba vuli ile itakuwa na mvua kubwa kuliko kawaida, na ikawa. Kwetu Hanang' maporomoko yalitokea tarehe 3 Desemba mwaka huohuo. Na TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, wana kumbukumbu zao zinazoweza kupimwa, nani alipatia na nani alikosa. Hilo ndilo la #30, na kwa hilo yuko sahihi, hata kama anaudhi.

Mwana_Mkeka #33

TMA wakisema mvua mimi naanika nguo.

Mlima_Vyanzo #34

Nimerudi wakuu, mtandao huku ni wa kupanda kilimani.

Fundi, naona una raha. Bado sijakubali. Ila ngoja niongeze kitu ambacho hamjakisema. Huku kwetu bonde lililokuwa na vinyungu, bustani za bondeni, sasa lina milingoti (mikaratusi) mpaka kwenye chemchemi. Miti ya mbao inalipa, siwalaumu, na mimi ninayo. Lakini dudumizi ni ndege wa vichaka vya majimaji. Ukitoa kichaka, ukapuliza dawa kwenye nyanya msimu mzima, atalia akiwa wapi? Mihemi yenyewe imebaki ya kuhesabu, mingine iko uani kwa mtu au kando ya barabara inamwagiwa maji ya kufulia. Halafu tunauliza kwa nini inachanua ovyo. Tunapima homa kwa kipimajoto tulichokivunja wenyewe.

Kusi_na_Kaskazi #35

Hiyo ya mhemi wa uani nimeipenda, inapimika. Ila milingoti haizuii mvua ya mkoa mzima. Inakausha chemchemi, ndiyo, na hilo ni baya la kutosha bila kulisingizia mawingu.

Mama_Ilula #36

Mwambie huyo anayo na yeye! Kwanza ang'oe ya chemchemini ndipo aje na uzi.

Mlima_Vyanzo #37

Mama, hiyo ni ada ya mtoto chuo.

#20 swali kwako. Hiyo ngitili inawezekana kwetu ambako hatuna ng'ombe wengi? Naifikiria kwa ajili ya vyanzo vya maji. Na je, ya mtu binafsi na ya kijiji ipi inadumu?

Ng'wana_Shinyanga #38

Inawezekana, jina utalipata la kwenu. Sisi tuna zote mbili. Ya mtu binafsi inatunzwa vizuri zaidi akiwa hai, akifa watoto wanagawana vipande na mmoja anakata mkaa. Ya kijiji inadumu kuliko mtu, lakini mwenyekiti mmoja mbovu anatosha kuimaliza. Andikeni sheria ndogo zipite halmashauri, na mipaka iwe ya miti inayojulikana, siyo mawe, mawe yanatembea usiku.

Ole_wa_Kaskazini #39

Kwa mwenyekiti mbovu naongezea: faini isiingie mfukoni mwa serikali ya kijiji. Kwetu ilikuwa ng'ombe anachinjwa, watu wanakula palepale. Haibaki ya kuiba.

Fundi_Kinyerezi #40

Hii ya kula faini palepale ndiyo elimu ya wazee ninayoikubali. Mvua bado.